Kuifufua injini ya pikapu iliyotembea sana: vipimo kwanza, spana baadaye

Hilux za zamani zinazobeba mchanga, ndizi na magunia ya karafuu Unguja na Pemba aghalabu huwa na injini ya dizeli ya ukoo wa L: ama 2L yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,446, ama 3L ya 2,779, ama 5L ya 2,986. Zote zina silinda 4 zilizopangwa kwa mstari mmoja na kemshafti (shafti inayofungua valvu) moja juu ya hedi, yaani kichwa cha injini, na kwa kawaida pampu yake ya dizeli hufanya kazi bila ya kompyuta, kwa hiyo fundi mwenye spana, winchi na kivuli cha mwembe anaweza kuishusha, kuifungua na kuifunga injini kama hiyo bila ya kuhitaji mitambo ya kampuni. Wepesi huo ndio uliozaa imani kwamba kuifufua injini iliyochoka ni suala la kununua ringi (pete za pistoni), beringi na gasketi, kuvitia mahali pake na kuwasha. Vipuri hivyo, kwa kweli, huja katika nusu ya mwisho ya kazi. Nusu ya kwanza, ambayo ndiyo inayoamua kama injini itadumu miaka au itarudi gereji kabla ya msimu wa karafuu kwisha, ni ya kupima.

Tuanze na kilomita zenyewe. Huulizwa inakuwaje gari isiyowahi kutoka katika kisiwa chenye urefu wa takriban kilomita 85 iwe imechoka kuliko gari ya umri huohuo iliyokuwa ikisafiri baina ya Dar es Salaam na Mwanza. Jawabu limo katika aina ya safari. Kule Pemba, Chake Chake na Wete zimeachana kwa takriban kilomita 30, na kwa Unguja, Mwanakwerekwe na Darajani ni karibu zaidi. Injini inapowashwa ikiwa baridi, oili huwa bado haijafika kila mahali, dizeli isiyoungua vyema huosha utando wa oili ukutani mwa silinda, na mvuke utokanao na kuungua kwa mafuta hugeuka maji ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) badala ya kufukuzwa na joto. Gari inayowashwa na kuzimwa kutwa nzima, au inayonguruma bandarini Malindi, Unguja, ikingojea mzigo, hulika kwa saa ambazo mita ya kilomita haizihesabu. Isitoshe, gari nyingi zimefika kwetu zikiwa zimeshatumika ng'ambo, na namba iliyoko kwenye dashibodi ni maelezo ya muuzaji tu. Kwa hiyo kilomita 300,000 au 400,000 ni sababu ya kuishuku injini, lakini haziwezi kumwambia mtu silinda zake zina kipimo gani.

Kabla ya kushusha chochote, injini ihojiwe ikiwa nzima mahali pake. Moshi wa buluu ni wa oili inayoungua, ama kwa kupita kwenye ringi ama kwa kuteremka kwenye sili za valvu. Moshi mweusi ni wa dizeli nyingi kuliko hewa, na mara nyingi chanzo chake ni kichujio cha hewa kilichoziba vumbi au nozeli za kurushia dizeli zinazomwaga badala ya kurusha ukungu, kwa hiyo moshi mweusi peke yake si sababu ya kuifungua injini, ingawa wapo waliofunguliwa injini zao kwa ajili yake. Moshi mweupe asubuhi ni dizeli isiyoungua. Ukiendelea baada ya injini kupata moto na maji ya rejeta yakawa yanapungua, basi hedi au gasketi yake imeanza kuachia. Kisha kifuniko cha oili kifunguliwe injini ikiwa inanguruma: pumzi nyepesi ni kawaida, lakini moshi unaopigapiga kwa mdundo ni gesi ya mwako inayopenya kwenye ringi na kuingia katika sampu.

Kipimo kinachokata shauri ni cha mgandamizo. Injini ya dizeli haina cheche. Huibana hewa, katika injini hizi kwa kiasi cha takriban 22 kwa 1, mpaka joto la hewa hiyo liwashe dizeli inayorushwa ndani yake, na ndiyo maana mgandamizo ukipungua dalili ya kwanza ni ugumu wa kuwaka alfajiri. Kwa 2L na 3L, injini nzuri hutoa takriban kilo 32 kwa sentimita ya mraba, kima cha chini ni kilo 20, na tofauti baina ya silinda moja na nyingine isizidi kilo 5. Geji huingizwa katika tundu la plagi ya kupasha moto, injini ikiwa imepata joto na betri ikiwa imejaa, kwa sababu stata inayozunguka polepole hushusha namba zote na kumtia mwenye gari hasara bure. Geji ya injini za petroli haifai kwa kazi hii, kwani haikutengenezwa kwa shinikizo kubwa kiasi hicho.

Namba zikishapatikana, zisomwe kwa pamoja. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini ilhali nyingine ni nzuri, gasketi baina yao ndiyo mshukiwa wa kwanza. Zote 4 zikiwa zimeshuka kwa usawa, huo ni ukongwe wa ringi na silinda. Mafundi wana desturi ya kutia oili kidogo ndani ya silinda na kupima tena: namba ikipanda, lawama huangukia ringi, isipopanda, huangukia valvu. Kwa dizeli jaribio hilo lifanywe kwa matone tu na matokeo yake yapokelewe kwa hadhari, kwa sababu nafasi inayobaki juu ya pistoni ni ndogo mno kiasi kwamba oili yenyewe huijaza na kuipandisha namba, na ikizidi inaweza hata kupinda koni rodi, yaani mkono unaoiunganisha pistoni na kranki.

Wakati huohuo mtu atashauriwa aache taabu yote hiyo anunue injini iliyotumika iliyoletwa kutoka Dubai au Japani. Ushauri huo si wa kudharauliwa, hasa bloku (mwili wa injini wenye silinda) ikiwa imepasuka au kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) imevunjika, lakini injini ya namna hiyo nayo ni ya mitumba isiyopimwa, na rangi mpya iliyopigwa juu yake haisemi chochote kuhusu ndani. Atakayeichagua basi aidai ipimwe mgandamizo kabla ya kutoa fedha, na akumbuke kuwa namba yake haitalingana na iliyoandikwa katika kadi ya gari mpaka mabadiliko yaandikishwe.

Injini ikishushwa, kila kitu kinachotoka kiwekewe alama ya mahali kilipotoka. Vifuniko vya beringi za meni (zinazoibeba kranki) na vya koni vilichongwa pamoja na wenzao, na kukibadilisha kimoja nafasi au kukigeuza huharibu uduara wa tundu zima. Vipuri vya zamani visitupwe haraka, kwani ndivyo vinavyoeleza kilichoiua injini. Beringi iliyokwaruzwa kwa mistari inataja uchafu katika oili. Iliyolika upande mmoja inataja koni iliyopinda. Pistoni iliyochimbika juu inataja nozeli iliyokuwa ikimwaga dizeli mahali pamoja. Fundi anayezikusanya beringi kwenye ndoo ya chuma chakavu bila ya kuzitazama huifunga injini mpya na maradhi yake ya zamani.

Sasa tufike kwenye silinda, ambako ndiko fedha nyingi zinakopotelea. Silinda hailiki sawasawa. Juu kabisa, pale ringi ya kwanza inaposimama kwa nukta moja kabla ya kugeuka, shinikizo la mwako huwa kubwa kuliko mahali popote na utando wa oili huwa mwembamba kuliko mahali popote, kwa hiyo chuma huliwa kwa wingi hapo na kwa uchache chini. Tena huliwa zaidi upande ambao pistoni huegemea inaposukumwa na koni. Matokeo yake ni silinda pana juu na nyembamba chini, yenye umbo la yai badala ya duara, na juu yake kidogo hubaki ukingo wa chuma ambacho ringi haikukifikia. Kwa macho silinda hiyo inaweza kung'ara na kupendeza. Geji ya silinda ikipitishwa katika vina vitatu, na katika kila kina ikageuzwa njia mbili, namba 6 zinazopatikana ndizo zinazosema kweli.

Namba hizo zina maana gani kwa ringi? Mzingo wa duara ni takriban mara 3.14 ya kipenyo chake, kwa hiyo kila silinda inapopanuka kwa milimita 0.1, pengo la ncha za ringi hupanuka kwa zaidi ya milimita 0.3. Silinda ya 3L ina kipenyo cha milimita 96, na ringi yake ya juu, kwa kanuni ya jumla ya sehemu 3 hadi 4 kwa 1,000 za kipenyo, hutakiwa iwe na pengo la takriban milimita 0.3 hadi 0.4. Ukiitia ringi mpya katika silinda iliyopanuka juu kwa milimita 0.2, pengo lake hapo litakaribia milimita 1, nalo litafumba na kufumbua kila pistoni inaposhuka na kupanda, mara elfu kadhaa kwa dakika. Juu ya hayo, ringi mpya yenye kona kali huugonga ule ukingo na huweza kuvunjika. Ndiyo maana injini iliyobadilishwa ringi peke yake hurudi kula oili baada ya muda mfupi, na mwenye gari akamlaumu muuza vipuri, ilhali ringi hazikuwa na kosa.

Kanuni basi ni hii: ikiwa upanuzi na uyai wa silinda uko ndani ya mipaka iliyoandikwa katika kitabu cha injini, ukingo ukatwe, ukuta upigwe msasa wa kuzungusha na ringi mpya zitiwe; ikiwa umepita mipaka, silinda zote zichongwe kwa saizi ya juu, kwa kawaida milimita 0.50 zaidi ya kipimo cha mwanzo, na pistoni mpya za saizi hiyo zinunuliwe. Hapa pana utaratibu ambao haufai kupinduliwa: pistoni zinunuliwe kwanza, zipelekwe kwa mchongaji pamoja na bloku, na kila silinda ichongwe kwa kipimo cha pistoni yake. Mchongaji anayechonga kwa kubahatisha kisha akasubiri pistoni zije, anaweza kuacha nafasi kubwa inayofanya pistoni igonge injini ikiwa baridi, au ndogo inayofanya ikwame injini ikipata joto. Bloku iliyokwisha saizi zote bado inaweza kuvalishwa slivu (mirija mipya ya chuma) na kurudishwa kipimo chake cha mwanzo, ingawa gharama yake huanza kukaribia ile ya injini nyingine.

Mistari inayobaki ukutani baada ya msasa, inayokatana kwa pembe ya takriban nyuzi 45, si urembo. Hiyo ndiyo inayoshika oili na ndiyo inayozichonga ringi mpya zikae. Silinda iliyong'arishwa hadi kuteleza ni silinda ambayo ringi hazitakaa kamwe.

Kranki hupimwa kwa maikromita katika kila shingo, nayo njia mbili. Nafasi ya oili baina ya shingo na beringi katika injini hizi huwa, kwa kawaida, baina ya milimita 0.03 na 0.07, ikifikia milimita 0.1, oili humwagika pembeni kwa wingi, presha hushuka na taa huanza kumemeta gari inaposimama. Njia rahisi ya kuihakikisha ni uzi wa plastiki unaolazwa juu ya shingo, kifuniko kikakazwa kwa torki yake (nguvu ya kukazia iliyowekwa) bila ya kuizungusha kranki, kisha upana wa uzi uliobanwa ukalinganishwa na alama zilizoko kwenye pakiti. Shingo zikiwa zimelika, kranki husagwa kwa milimita 0.25 au 0.50 na beringi za saizi hiyo hununuliwa. Kununua beringi kabla ya kupima ni kucheza bahati nasibu, na wapo waliokwisha kutia beringi za stendadi, yaani za saizi ya mwanzo, kwenye kranki iliyosagwa na fundi wa kabla yao.

Hedi ipelekwe ikaguliwe nyufa, hasa baina ya valvu ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi, na uso wake upimwe kwa rula iliyonyooka na fila geji (vibati vya kupimia nafasi). Kusawazisha uso kuna mpaka wake katika dizeli, kwa kuwa valvu zimekaribiana sana na pistoni. Valvu, sili na gaidi zake (mirija inayoongoza valvu) ni kazi ya kawaida ambayo mafundi wetu wengi huifanya vizuri. Uwazi wa valvu, yaani nafasi ndogo inayoachwa kabla kemshafti haijaisukuma, kwa 3L ikiwa baridi ni milimita 0.20 hadi 0.30 upande wa hewa na 0.40 hadi 0.50 upande wa moshi.

Mwenye gari wa Pemba anayelazimika kuipeleka bloku Unguja kuchongwa ana jambo la ziada la kufikiri, nalo ni safari ya kurudi. Chuma kilichotoka kuchongwa hakina kinga yoyote, na hewa ya bahari kwenye bandari ya Mkoani hukitia kutu jekundu kwa muda wa saa chache. Kipakwe oili na kufungwa plastiki tangu karakanani, kabla ya kupanda meli. Kisha, kabla ya kufungwa, bloku ioshwe kwa maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, kwa sababu chembe za jiwe la msasa zilizojificha katika ile mistari haziondolewi na petroli wala mafuta ya taa, ambayo hulainisha uchafu wa juu na kuziacha chembe pale zilipo. Vizibo vya njia za oili vifunguliwe na njia zisuguliwe mpaka ndani. Kitambaa cheupe kilichochovywa oili safi kipitishwe ukutani mwa silinda, na kama kinatoka kijivu, uoshaji urudiwe. Kazi hii haina heshima, aghalabu huachiwa kijana anayejifunza, na pengine ndiyo inayoua injini nyingi zilizochongwa vizuri.

Katika kufunga, jambo ambalo wasiozoea dizeli hulikosa ni uchaguzi wa gasketi ya hedi. Pistoni ya dizeli ikifika juu huchomoza kidogo nje ya uso wa bloku. Uchomozi huo hupimwa kwa geji yenye uso kama wa saa, na gasketi huuzwa kwa unene tofauti ili ilingane nao. Iliyo nyembamba mno huleta hatari ya pistoni kugusa valvu, na iliyo nene mno hupunguza mgandamizo ambao ndio uliotufanya tuishushe injini. Boliti za hedi hukazwa kuanzia katikati kuelekea nje, kwa awamu. Mkanda wa taiming, unaoizungusha kemshafti kwa mwendo wa kranki, uwe mpya hata kama wa zamani unaonekana mzima, kwa kuwa umri wake ni kilomita 100,000 na ukikatika pistoni hukutana na valvu. Pampu ya maji iliyo karibu nao ibadilishwe hapohapo.

Sehemu kubwa ya visiwa hivi imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake yana chokaa; yale ya karibu na pwani yana chumvi pia. Maji hayo yakitiwa katika rejeta mwaka baada ya mwaka, huacha ndani ya njia za kupoza gamba kama ukoko mweupe wa birika, na gamba hilo huzuia joto lisitoke katika chuma kuingia katika maji. Injini ikachemka, hedi ikapinda, gasketi ikaungua. Kwa hiyo bloku ikiwa wazi ndio wakati wa kulikwangua gamba hilo, rejeta ifunguliwe na kusafishwa au ibadilishwe, na baada ya hapo itiwe maji yaliyotoneshwa (yasiyo na chokaa wala chumvi) pamoja na kulanti, yaani dawa ya kupozea. Nayo themostati, valvu inayofunguka kwa joto ili maji yapite kwenye rejeta, irudishwe. Kuitoa kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto ni kosa lenye pande mbili: injini hukaa baridi kuliko inavyotakiwa, jambo linaloharakisha ulikaji wa silinda, na katika injini nyingi njia ya mkato ya maji hubaki wazi, sehemu ya maji ikazunguka bila ya kupita katika rejeta, na gari ikachemka katika milima ya Pemba kwa sababu ya kifaa kilichotolewa ili isichemke.

Nozeli na pampu ya dizeli zipelekwe kupimwa kwenye mashine yake. Nozeli moja inayomwaga huweza kuitoboa pistoni mpya. Dizeli iliyokaa katika madumu huwa na maji, kwa hiyo tangi lisafishwe na kichujio kiwe kipya.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, waya wa solenoidi ya pampu (kizibo cha umeme kinachofungulia dizeli) uchomolewe na injini izungushwe kwa stata, kwa vipindi vifupi, mpaka taa ya oili izimike. Hapo ndipo waya urudishwe. Ikishawaka isiachwe ikinguruma kwa saa nzima, kama wengi wanavyodhani ndiyo huruma kwa injini mpya. Ringi hukaa kwa kusukumwa na shinikizo la mwako, na shinikizo hilo huja kwa mzigo, kwa hiyo baada ya kuhakikisha hakuna kinachovuja, gari itolewe barabarani na kuendeshwa kwa mzigo wa wastani na kasi inayobadilikabadilika, bila ya kuikaba na bila ya kuibembeleza. Oili ya kwanza na kichujio chake hubadilishwa kabla ya kufika kilomita 1,000, na uwazi wa valvu hupimwa upya. Ikifika kilomita 5,000 mgandamizo wa silinda zote 4 upimwe na kuandikwa pamoja na kiasi cha oili iliyoongezwa tangu siku ya kuwasha, na karatasi hiyo ikae pamoja na kadi ya gari, kwa kuwa fundi atakayeifungua injini hiyo baadaye atahitaji kujua kranki ilisagwa kwa saizi gani na silinda zilichongwa kwa saizi gani kabla hajaagiza hata beringi moja.